Karatasi za bunge la kaunti zinakaa wapi?

Bunge la Kaunti ya Kilifi halikai mjini Kilifi. Gavana na mawaziri wake wana ofisi zao Kilifi, lakini wawakilishi wa wadi 35 wakienda kikaoni huelekea Malindi, mwendo wa kilomita zipatazo 60 kaskazini. Mpita njia ataliona hilo kuwa jambo la jiografia tu. Kwa anayetunza maktaba ya bunge ni kazi ya kila juma: bajeti huandikwa mji huu na kujadiliwa mji ule, mkataba hutiwa saini kule na kuulizwa huku, na kila karatasi inayosafiri katikati yaweza kukwama mezani kwa mtu asiyejua kwamba nakala moja ilitakiwa ibaki maktabani.

Ukitaja maktaba ya bunge, wengi huwaza chumba chenye majalada ya sheria yaliyopangwa kwa rangi, na waheshimiwa wawili watatu wakipitia magazeti ya asubuhi huku wakisubiri kengele. Picha hiyo inadhuru. Fedha zikipungua, chumba cha magazeti hakina wa kukililia. Na hata wanaoipenda maktaba huanza kuijenga kutoka upande usiofaa, kwa kununua vitabu. Msimamo wangu ni kwamba maktaba ya bunge la kaunti ijengwe kuanzia karatasi za bunge lenyewe na za eneo lake, zifuate sheria, zifuate takwimu, na vitabu vya dukani vije mwisho. Kitabu kilichochapishwa Nairobi au London utakipata tena mwakani. Ripoti ya kamati iliyotolewa nakala chache kwa ajili ya kikao kimoja cha alasiri ikipotea Malindi, imepotea duniani kote.

Kwanza tutenganishe kazi zinazochanganywa. Bunge la kaunti huwa na watu wa Hansadi, watu wa masjala, watafiti na wakutubi. Wa Hansadi huandika neno kwa neno yanayosemwa ukumbini. Masjala hutunza mafaili ya uendeshaji: ajira, barua, malipo. Watafiti huchambua jambo na kuliandikia muhtasari. Maktaba hupokea kilichokamilika kutoka kwa wote hao, ikaongeza cha nje, ikakipa jina na mahali pake, na kukitoa mara kinapoulizwa. Katika bunge dogo kama la Lamu, lenye wadi 10, huenda mtu mmoja akafanya kazi mbili au tatu kati ya hizo. Hakuna ubaya, mradi ajue kwamba ripoti aliyoiandika asubuhi kama mtafiti haijawa mali ya maktaba mpaka imeingizwa kwenye katalogi.

Mamlaka juu ya yote hayo ni Bodi ya Huduma za Bunge la Kaunti, iliyoundwa chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Spika ndiye mwenyekiti wake, Karani ndiye katibu. Mkutubi huripoti kwa Karani, na kwa maoni yangu hakuna jambo moja litakalomsaidia kuliko agizo la maandishi kutoka kwa Karani kwamba kila hati inayowekwa mezani ukumbini iache nakala maktabani siku hiyo hiyo. Agizo hilo halina gharama yoyote. Bila hilo, mkutubi atazunguka ofisi hadi ofisi akiomba kama mtu anayetaka hisani, na atapata nusu.

Swali la ardhi lina umri gani?

Tuchukue mfano ambao mtu wa Malindi hatahitaji kuelezwa sana. Mwakilishi wa upande wa Gongoni au Marereni anaingia maktabani siku ya Alhamisi.

"Nipe kitabu cha ardhi."

"Kipo, Mheshimiwa. Unataka kukifanyia kazi gani?"

"Nina swali Jumanne kwa waziri wa ardhi. Watu wangu wanasema kampuni ya chumvi imekaa pale miaka na miaka. Muda wa hati yake umekwisha au bado?"

Hapo ndipo kazi inapoanza. Kilichotajwa mlangoni kilikuwa kitabu, na kinachotakiwa ni jibu kabla ya Jumanne. Mkutubi aliyeishia kumpa kitabu cha wanafunzi wa sheria amefanya kazi ya kuazimisha, na mheshimiwa ataenda kusimama ukumbini akiwa na yale yale aliyoyasikia barazani.

Ili kulijibu, rafu zinapaswa kurudi nyuma sana. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwa mkataba wa mwaka 1895 Waingereza wakauendesha kwa niaba yake. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hatimiliki za ardhi iliyomtaka kila mwenye dai la ardhi katika ukanda huo alifikishe mbele ya afisa. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ikahesabiwa kuwa ya Ufalme wa Uingereza. Wengi wa Mijikenda waliokuwa wakilima kwa haki ya ukoo hawakuwa na karatasi ya kupeleka, wala taratibu zile hazikutungwa kwa ajili yao. Mwaka 1961 Sir James Robertson aliandika ripoti kuhusu hatima ya ukanda, na Oktoba 1963 zikabadilishanwa barua zilizouunganisha na Kenya. Baada ya uhuru, ardhi iliyokuwa ya Ufalme ikawa ya serikali, nayo serikali ikaendelea kuigawa na kuikodisha. Ukitaka kujua kwa nini mtu aliyezaliwa Magarini, eneo lenye Gongoni na Marereni, na ambaye babu yake alizaliwa hapo hapo, anaitwa skwota, yaani mkaaji asiye na hati, mlolongo wa karatasi ni huo.

Kisha zinakuja karatasi za karibuni. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Ripoti ya mwaka 2006 ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, iliyofanya uchunguzi wa hadhara kuhusu malalamiko dhidi ya kampuni za chumvi huko huko Magarini. Sera ya Kitaifa ya Ardhi ya mwaka 2009. Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 65 kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013. Na Gazeti Rasmi la Serikali, lenye matangazo ya viwanja na ya kutwaliwa kwa ardhi.

Mkutubi mwenye hayo yote atafanya jambo moja zaidi, nalo ndilo linalomtofautisha na mtambo wa kutafutia. Atamwambia mheshimiwa kwamba Katiba imeiweka ardhi ya umma isiyogawiwa mikononi mwa serikali ya kaunti kama mdhamini, lakini inasimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwa niaba yake. Kwa hiyo waziri wa kaunti anaweza kujibu nusu ya swali, na nusu ya pili inahitaji barua kwa Tume. Swali likiandikwa upya Alhamisi ile ile, Jumanne haitapotea bure.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu unaonyesha kosa linalofanywa na watu wenye nia njema wanaposafisha maktaba. Ile sheria ya 1908 ilifutwa na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012. Katika maktaba ya chuo, sheria iliyofutwa yaweza kuondolewa rafuni kupisha mpya. Katika maktaba ya bunge la pwani, sheria iliyofutwa ni ushahidi. Hati zilizotolewa chini yake zingali zinashikwa na watu, na migogoro iliyozaliwa nayo ingali hai. Sheria ya zamani haitupwi kamwe.

Wazo kwamba maktaba ya bunge itafute majibu halikuzaliwa jana. Maktaba ya bunge la London ilianzishwa mwaka 1818, na kwa muda mrefu ilikuwa ya vitabu na kumbukumbu. Mwaka 1901 jimbo la Wisconsin, Marekani, likaanzisha ofisi ndogo ya marejeo ya kutunga sheria chini ya Charles McCarthy. Alikusanya miswada ya majimbo mengine, vipande vilivyokatwa magazetini na barua, akavipanga kwa mada, ili mbunge anayeandika sheria ya reli aone kwanza wenzake waliandika nini na ikawaje. Mwaka 1914 Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani, ikafungua idara ya aina hiyo. Bunge la kaunti lenye wakutubi wawili linaweza kufuata mfano wa McCarthy kuliko mfano wa London, kwa sababu mtaji wake mkubwa ulikuwa kujua nini cha kukusanya.

Sheria ilipita, lakini ilichapishwa?

Kuna swali jingine linaloonekana jepesi: je, kaunti yetu ina sheria kuhusu jambo fulani? Mheshimiwa atasema ipo, aliipigia kura. Karani wa kamati atasema gavana alitia saini. Lakini Kifungu cha 199 cha Katiba kinasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti nayo inataka uchapishaji huo ufanyike ndani ya siku saba baada ya saini ya gavana, katika gazeti la kaunti na katika lile la kitaifa. Kwa hiyo maktaba inayoweka mswada tu haiwezi kujibu. Inahitaji kuwa na hatua zote kwa kila sheria: mswada ulivyochapishwa, ripoti ya kamati, marekebisho ya ukumbini, nakala iliyopitishwa, tarehe ya saini, na toleo la Gazeti. Wakili akija na mswada uliorekebishwa akidhani ni sheria, mkutubi ndiye atakayemzuia asiaibike mahakamani.

Hili linagusa karatasi ambayo hakuna anayeipenda: orodha ya waliohudhuria mkutano wa wananchi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo kila bunge la kaunti linajua kwamba orodha zenye sahihi, tangazo lililobandikwa, maoni yaliyoletwa kwa maandishi na kumbukumbu za mkutano wa Garashi au Ganze vinaweza kuitwa mbele ya jaji miaka mitatu baadaye. Vingi vya vitu hivyo hurudi kutoka mashinani ndani ya bahasha, vikakaa kwenye gari au kwenye droo ya afisa wa kamati. Mahali pake ni maktabani, pamoja na mswada vinaouhusu, vikiwa na namba moja.

Lamu ina mifano yake, mizito zaidi. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, na moja ya sababu ilikuwa wananchi kutoshirikishwa vizuri. Mwaka uliotangulia, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi waliodhurika na ujenzi wa bandari walipwe shilingi bilioni 1.76. Hukumu hizo, ripoti za tathmini ya mazingira zilizobishaniwa, ramani za mikoko na za njia za wavuvi, barua za vikundi vya wakazi: mkusanyiko wa bunge la Lamu usio na hayo haujaanza, hata ukiwa na ensaiklopidia rafu nzima. Karatasi za namna hii hazipitii kwa wachapishaji. Wavu wao una matundu makubwa, na ripoti za mashirika, za wizara na za vikundi vya ufuo hupenya kama dagaa. Lazima mtu azifuate zilipo: aombe, apige simu, aende mkutanoni na kurudi na nakala.

Kalenda ya fedha

Maktaba ya kawaida ina msimu wa mitihani. Ya bunge la kaunti ina msimu wa fedha, na tarehe zake zimeandikwa kwenye Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia Septemba mosi. Mapitio ya bajeti ni Septemba 30. Taarifa ya sera ya fedha ni Februari 28, na bunge lina siku 14 kuijadili. Makadirio hufika kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha unakwisha Juni 30. Siku 14 ni chache mno kuanza kutafuta taarifa ya mwaka jana ili ilinganishwe na ya mwaka huu. Inatakiwa iwe mezani siku ile ile mpya inapofika, zikiwa bega kwa bega, na mpango wa miaka mitano wa kaunti ukiwa wazi pembeni.

Kisha kuna ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti. Katiba inampa Mkaguzi miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika, halafu inalipa bunge miezi mitatu kuijadili ripoti na kuchukua hatua. Thamani ya ripoti hizi huonekana zikisomwa mfululizo. Hoja moja ya ukaguzi kuhusu zahanati isiyokamilika inaweza kuelezwa kwa mvua au kwa mkandarasi. Hoja hiyo hiyo ikijirudia miaka minne, kamati ina swali lingine kabisa la kuuliza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kaunti ni huu mfululizo. Ningependa kila maktaba ya bunge iwe na jedwali rahisi, safu moja kwa kila mwaka, linaloonyesha hoja ipi iliibuliwa, kamati ilipendekeza nini, na serikali ilijibu nini. Kulitunza ni kazi ya saa chache kwa mwezi, na ni chombo ambacho hakuna duka linalokiuza.

Takwimu zina mtego wake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi na 143,920 katika Kaunti ya Lamu, na namba hizo ni rahisi kupata. Lakini mwakilishi hataki namba ya kaunti, anataka ya wadi yake. Majalada ya sensa yamepangwa kwa vitengo vya utawala, yaani kaunti ndogo, lokesheni na kata ndogo, ilhali mipaka ya wadi iliwekwa na tume ya uchaguzi mwaka 2012 ilipochora wadi 1,450 nchini kote. Vitengo hivyo viwili havilingani kila mahali. Mkutubi mzuri hutengeneza orodha yake, kata ndogo hadi kata ndogo, akionyesha ipi iko wadi ipi na ipi imekatwa na mpaka katikati, na anaandika wazi pale ambapo jumla ni makadirio. Namba isiyo na maelezo hayo ikiingia kwenye hotuba, itaingia Hansadi, na kutoka huko itanukuliwa kama neno la Mungu.

Kununua, kupokea, kuondoa

Sera ya mkusanyiko ni karatasi ya kurasa mbili tatu inayosema maktaba inakusanya nini, haikusanyi nini, na nani anaamua. Isainiwe na Bodi, maana siku itafika ambapo mtu mkubwa ataleta masanduku ya vitabu vya msaada, vya kompyuta za zamani na riwaya za nchi za mbali, na mkutubi atahitaji kusema hapana kwa heshima huku akionyesha karatasi iliyo na sahihi isiyo yake. Vitabu vya msaada vina gharama: nafasi, vumbi, saa za kuviorodhesha. Vinavyofaa vipokewe, vingine vipelekwe shule au maktaba ya umma.

Katika kununua, vitabu vya rejea vya sheria na kanuni za bunge ndivyo vya lazima, kisha machache kuhusu ugatuzi, fedha, uvuvi, kilimo cha nazi na korosho, utalii, maji. Hukumu na sheria za Kenya zimewekwa wazi mtandaoni bila malipo na Kenya Law, kwa hiyo sioni sababu ya kumaliza nusu ya bajeti kwa majalada yanayopitwa na wakati kila kikao. Nakala moja ya karatasi kwa ajili ya siku ambayo umeme au mtandao umekatika inatosha. Fedha iliyobaki ingefaa kulipia uchapaji na ujalidi wa Hansadi na ripoti za bunge lenyewe.

Mabunge jirani pia ni rafu. Kaunti sita za pwani zina jumuiya yao, na hakuna haja kila moja ijaze chumba kwa vitu vile vile. Mombasa ikikusanya kwa kina kuhusu bandari, Kilifi kuhusu chumvi na ardhi, Lamu kuhusu urithi na uvuvi, na katalogi zao zikasomeka kwa pamoja, mwakilishi wa Faza atapata ndani ya saa moja kile ambacho bunge lake lisingeweza kukinunua kamwe. Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo haina ada ya leseni, inatosha kwa kazi hiyo. Ingehitaji fundi anayeielewa, na makubaliano ya jinsi ya kuandika majina na tarehe. Makubaliano hayo ndiyo sehemu ngumu.

Kuondoa kitabu nako kuna sheria. Kitabu cha maktaba ya bunge ni mali ya umma, na kukiondoa kunapitia taratibu za Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma ya mwaka 2015. Mkutubi asichome wala kugawa kitu kimyakimya. Aandike orodha, sababu, tarehe.

Hewa ya bahari na faili za simu

Malindi na Lamu zina adui wa karatasi asiyechoka. Hewa ya chumvi na unyevu wa masika hufanya kurasa zishikane, na unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa siku nyingi mfululizo kuvu huanza kuota. Kosa la kawaida ni kuwasha kiyoyozi mchana na kukizima jioni watu wakienda nyumbani. Chumba kilichopoa huvuta unyevu usiku, na karatasi hupumua na kuvimba kila siku. Afadhali chumba chenye upepo unaopita, rafu zilizoachana na ukuta wa nje, vitu vyote vikiwa juu ya sakafu, na kipima unyevu kinachosomwa na kuandikwa kila asubuhi, kuliko baridi ya muda wa saa nane tu kwa siku. Mchwa, mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wapendao gundi wakaguliwe kila mwezi. Watu wa Lamu wamehifadhi miswada ya mikono ya dini na ya mashairi kwa vizazi katika hali ya hewa hii hii, na ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha za kidijitali. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, likiwa na mwangalizi.

Faili za kidijitali hazina kuvu, lakini hufa haraka zaidi. Ripoti nyingi sasa huzaliwa kwenye kompyuta na kusambazwa katika kundi la WhatsApp la kamati. Simu ikibadilishwa, zimekwenda. Na zikibaki, hubaki matoleo manne ya ripoti moja yasiyo na tarehe. Kila faili iingie maktabani ikiwa na tarehe, jina la kamati, na neno moja linalosema hali yake: rasimu, iliyowasilishwa, iliyopitishwa. Nakala ziwe tatu, na moja ikae nje ya jengo, nje ya mji ikiwezekana.

Ya nani?

Maktaba hii inamtumikia kila mwakilishi, wa chama kikubwa na asiye na chama. Muhtasari unaotoka humo huweka hoja za pande zote, na hausemi mheshimiwa apige kura vipi. Lililo zito zaidi ni usiri. Siku ambazo hoja ya kumwondoa gavana inanong'onwa, kujua nani ameomba Kifungu cha 181 cha Katiba ni habari yenye bei. Daftari la maswali lisiachwe wazi mezani, na mkutubi asiulizwe hata na Spika nani alitaka nini.

Mwananchi je? Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa dola. Ninavyoona, mstari upitie hapa: kila kilichowekwa mezani ukumbini ni cha kila mtu, na mkulima wa Kakoneni anapaswa kukisoma bila barua ya kujitambulisha. Utafiti ulioombwa na mheshimiwa mmoja ubaki wake mpaka autoe mwenyewe. Na kwa kuwa wakazi wengi wanaojadiliwa katika ripoti za Kiingereza husoma Kiswahili, ukurasa mmoja wa muhtasari kwa Kiswahili ubandikwe mbele ya kila ripoti. Naliona hilo ni sehemu ya kujenga mkusanyiko kama lilivyo kununua kitabu.

Uchaguzi wa 2013 ulileta bunge la kwanza, 2017 la pili, 2022 la tatu. Kila mara wengi wa wawakilishi wanaoapishwa ni wageni ukumbini, na kamati mpya huanza kuchunguza kisima au soko ambalo kamati iliyotangulia ilikwisha kulichunguza na kulitolea mapendekezo. Kabla ya Agosti 2027, mkutubi wa Malindi anaweza kuandaa kabrasha moja kwa kila wadi kati ya zile 35: maswali yaliyoulizwa kuhusu wadi hiyo tangu 2013 na majibu yake, miradi iliyotengewa fedha na ile iliyotajwa na Mkaguzi, malalamiko yaliyowasilishwa na wakazi na yalipofikia, na majina ya ripoti zilizopo pamoja na namba zake za rafuni. Mwakilishi mpya akabidhiwe kabrasha hilo wiki anayoapishwa, kabla hajachaguliwa kuingia kamati yoyote.